Presha: Kifunge kidonge chako kwenye chai, adhana au feri

Kuna mzee mmoja wa Mtongwe, fundi cherehani, ambaye kwa muda wa miezi saba alikuwa akija kwangu na presha isiyoteremka. Mara 180 kwa 110, mara 176 kwa 108. Kila nilipomuuliza iwapo anatumia dawa alinijibu kwa utulivu, "Natumia, mwanangu." Nikamwongeza dawa ya pili. Hali ikawa ile ile. Nilikuwa nimeshika kalamu kumwandikia ya tatu, siku aliyofuatana na mkewe, na mama yule akaangua kicheko. "Daktari, huyu dawa anameza Jumapili tu," alisema. "Siku za kazi haigusi."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Miongoni mwa vidonge nilivyompa kimoja kilikuwa cha kukojosha, yaani kile kinachotoa chumvi na maji ya ziada mwilini kwa njia ya mkojo. Nilimwagiza akimeze asubuhi, kama tunavyowaagiza wagonjwa wote, ili usiku apate kulala. Lakini kazi yake iko kisiwani. Hutoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, husimama foleni pale Likoni, huvuka, kisha hupanda matatu. Kidonge kile huanza kufanya kazi kwa muda wa saa mbili hivi, na saa mbili hizo zilimkuta ama katikati ya umati unaongoja feri, ama ndani ya gari lililokwama barabarani. Mtu mzima mwenye heshima zake afanye nini? Alikiacha kidonge kile, na kwa kuwa vyote viwili aliviweka katika kikopo kimoja, akakiacha na cha pili. Kuniambia aliona haya.

Dawa haikuwa na ila, wala mzee hakuwa mkaidi. Kosa lilikuwa langu mimi niliyempangia dawa bila kumuuliza siku yake inakwendaje. Tulivihamisha vidonge vyote viwili hadi saa nne, wakati anapoletewa chai dukani, na choo kiko hatua chache nyuma ya duka. Baada ya wiki sita nilimpima nikapata 138 kwa 86.

Tangu siku hiyo sikuulizi tena, msomaji, kama unaweza kumeza dawa kila siku. Kila mtu husema anaweza. Nakuuliza unaamkaje, unakunywa chai saa ngapi, unavuka lini, unarudi lini na nani anakufungulia mlango. Kidonge, mwendo wa miguu au chumvi pungufu hudumu tu pale kilipopata mahali pa kukaa ndani ya siku uliyo nayo tayari.

Maradhi yasiyobisha hodi

Presha ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Namba ya juu ni nguvu hiyo moyo unapojikaza, na ya chini ni pale moyo unapolegea baina ya pigo na pigo. Tukipima siku tofauti na kukuta 140 kwa 90 au zaidi, tunasema mtu huyu ana presha ya kupanda. Mishipa inayosukumwa hivyo mwaka baada ya mwaka huwa migumu na myembamba ndani, mfano wa mpira wa maji ulioachwa juani. Wa ubongo ukiziba au kupasuka, ndicho kiharusi. Wa moyo ukiziba, ni shambulio la moyo. Figo huchakaa polepole, na macho pia.

La kutisha ni kwamba mwenyewe hasikii kitu. Watu wengi hudhani presha ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu au hasira. Aghalabu hakuna dalili yoyote. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja katika maisha yao. Kwa hiyo usishangae kusikia mtu wa miaka 42 wa Changamwe, baba wa watoto wanne, aliyelala mzima akaamka mkono na mguu wa upande mmoja haumtii. Majirani watasema amepitiwa na upepo. Mimi nitataka kujua mara ya mwisho alipimwa lini.

Hapo ndipo ugumu wa tiba hii ulipo. Mwenye malaria humeza dawa kwa sababu anatetemeka. Mwenye jino humeza kwa sababu linamuuma. Mwenye presha anaambiwa ameze kidonge kila siku, pengine maisha yake yote, kwa ajili ya kitu asichokisikia, na akikiacha leo kesho ataamka salama vilevile. Hakuna kitu mwilini kinachomkumbusha. Azma peke yake haitoshi kuibeba kazi hiyo kwa miaka 20, na anayekulaumu kwa kukosa azma, hata akiwa amevaa koti jeupe, hajafikiri vyema.

Siku 21 za nani?

Yamkini umesikia kwamba jambo ukilifanya siku 21 mfululizo huwa mazoea. Maneno haya hurudiwa redioni na kwenye semina kama kwamba ni sheria ya tiba. Asili yake ni kitabu cha daktari mmoja Mmarekani, Maxwell Maltz, kilichotoka mwaka 1960. Yeye alikuwa mpasuaji wa kurekebisha sura, na aliona kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Lile neno "angalau" likadondoka njiani, na sura ya pua ikageuka kuwa kanuni ya kila kitu.

Waliolipima jambo lenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Watu 96 walijichagulia kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku mahali na wakati ule ule: kula tunda pamoja na chakula cha mchana, kwa mfano, au kukimbia robo saa kabla ya chakula cha jioni. Walifuatwa kwa wiki 12. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo likawa linajifanya lenyewe bila kufikiriwa. Lakini wastani huo unaficha mengi: kuna aliyezoea kwa siku 18, na kuna ambaye kwa makadirio angehitaji siku 254. Mambo mepesi kama kunywa maji yalishika upesi kuliko mazoezi ya mwili.

Mambo mawili katika utafiti huo napenda uyashike. La kwanza, kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Aliyeteleza Jumanne akaendelea Jumatano alifika pale pale. La pili, kila mmoja aliambiwa alifunge jambo lake kwenye kitu kinachotokea kila siku. Hakuna aliyeambiwa "jitahidi ule matunda". Aliambiwa achague baada ya nini.

Ikiwa ulianza mwezi wa Januari ukaacha mwezi wa Februari ukadhani wewe ni mtu dhaifu, huenda uliacha siku ya 30 jambo ambalo lilihitaji siku 90.

Kigingi kisichohama

Sasa tuseme unataka kigingi cha kufungia kidonge. Kigingi kizuri kina sifa tatu: hutokea kila siku, hutokea mara moja kwa wakati wake, na hutokea mahali ambapo dawa ipo karibu.

Kwa Mwislamu anayeswali, adhana ni zawadi ambayo matabibu wa nchi nyingine wangeililia. Kwa kuwa Mombasa iko karibu na ikweta, jua letu huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima, tofauti ikiwa takriban nusu saa tu, basi Alfajiri na Isha za Likoni hazihami kama za nchi za baridi. Weka kikopo cha dawa hapo unapoweka msala wako. Ukiukunja baada ya Isha, meza. Kwa wasioswali, au Wakristo, nimeona watu wakifaulu kwa mswaki wa asubuhi, kwa sala ya jioni ya nyumbani, na mzee mmoja wa Mikindani kwa taarifa ya habari ya saa moja usiku, ambayo haikosi hata dunia ipasuke. Anasema akisikia tu ule muziki wa habari mkono unakwenda wenyewe kwenye rafu.

Vigingi vibaya vipo pia. Mvuvi mmoja aliniambia atameza dawa kila akirudi baharini. Lilikuwa wazo la busara kwa siku tatu. Kisha tukakumbuka sote wawili kwamba bahari ina saa yake. Maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo leo atarudi saa tatu, baada ya wiki saa tisa, na wakati wa bamvua mambo mengine kabisa. Tulikihamishia kidonge kwenye uji, kwani awe ametoka au amelala, uji anakunywa.

Tatizo kama hilo linao wafanyakazi wa zamu, nao bara yetu imejaa: wapakuzi na madereva wa bandarini, walinzi wa usiku, wasichana wa viwanda vya nguo vya huko Changamwe na Jomvu. Wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Wewe usijifunge kwenye saa ya ukutani. Jifunge kwenye mlo wako wa kwanza baada ya kuamka, iwe umeamka alfajiri au alasiri. Kidonge cha mara moja kwa siku kama amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kukisogeza saa kadhaa pale zamu inapobadilika hakukudhuru. Kuna dawa zisizokuwa na upole huo, basi muulize aliyekuandikia yako ni ya aina gani.

Kile cha kukojosha kina adabu yake, kama mzee wa Mtongwe alivyotufunza. Usikimeze kabla ya safari, wala usikimeze usiku ukaja ukaamka mara nne. Tafuta saa ambayo utakuwa umetulia mahali penye choo. Anayevuka feri kila siku na ajue hivyo, naye daktari na aulize.

Ramadhani hubadili vigingi vyote kwa mpigo. Futari na daku huchukua nafasi ya chai na chakula cha mchana, na dawa nyingi za mara moja kwa siku huhamishika bila taabu. Lakini njoo tuzungumze mwezi wa Shaabani. Kila mwaka huwaona wale waliojiamulia wenyewe, wakaacha dawa mwezi mzima, wakafika Idi miguu imevimba.

Chumvi ya vidole

Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya ambao hadi leo naona haujasomwa vya kutosha na Wakenya wenyewe. Neil Poulter na wenzake waliwafuata vijana wa jamii ya Waluo waliohama kutoka vijijini huko magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Presha za waliohama zilikuwa zimekwisha kupanda mapema sana baada ya kufika mjini. Haukuwa uzee, kwani walikuwa vijana, wala haukuwa ukoo, kwani ukoo ulikuwa mmoja. Walikuwa wameongezeka uzani, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi zaidi, na potasiamu, ambayo hupatikana kwenye matunda na mboga, kidogo zaidi.

Likoni, Kisauni na Changamwe zimejengwa na watu waliohama. Kuna waliotoka Kwale na Kilifi, Taita, Ukambani, Nyanza na kwingineko. Nao waliozaliwa hapa hapa wamehama bila kuondoka, kwa kuwa chakula kilichowazunguka kimebadilika. Chipsi zimekuwa nyingi kuliko mihogo, na hata muhogo wenyewe tunauomba uje na chumvi ya kurashia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazifiki kijiko cha chai kilichojaa. Humo mna chumvi iliyomo kwenye mkate, kwenye unga wa mchuzi wa pakiti, kwenye kachri na kwenye papa wa ng'onda. Huo ng'onda, nakiri, ni udhaifu wangu mwenyewe. Siuachi, ila nauloweka usiku kucha, namwaga maji, nao nautia chumvi nyingine sifuri.

Kuna mama anayeuza viazi karai na mbaazi huko Mwandoni, Kisauni. Alikuja na presha, na nilipomwambia apunguze chumvi alinitazama kwa huruma. "Daktari, nikipunguza wateja watanikimbia." Nikamuuliza chumvi anaitiaje. Akanionyesha vidole vitatu, hivi, kisha anaonja, kisha vidole vitatu tena. Ulimi unaoonja mchuzi kuanzia alfajiri huwa umechoka, na kila ukichoka hudai zaidi. Sikumwambia apunguze chochote. Nilimwomba wiki mbili atie chumvi ile ile lakini kwa kijiko, apate kujua anatia vijiko vingapi. Vilikuwa sita kwa sufuria. Kisha akatia vitano na nusu kwa wiki mbili, kisha vitano. Akaongeza ndimu na ukwaju. Alipofika vijiko vinne hakuna mteja aliyelalamika, na mmoja alimsifu kwamba siku hizi mbaazi zake zimekolea.

Ulimi hujifunza, jambo hilo limepimwa na linajulikana. Ukiondoa chumvi ghafla chakula huwa majani. Ukiipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kile ulichokuwa unakila zamani ndicho kitakachokuwa kikali. Na sisi wa Pwani tuna bahati ambayo wengine hawana: ndimu, ukwaju, embe bichi, tangawizi, kitunguu saumu, dania, pilipili. Jikoni kwetu mna njia nyingi za kuamsha ulimi bila chumvi.

Sukari nayo ni hadithi ya namna hiyo, nami nitaipita haraka. Kikombe cha chai chenye vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, yaani karibu gramu 48 kabla hujagusa hamri wala soda. Shirika la Afya Duniani lingependa tusizidi gramu 25 hivi. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili. Usianze na chumvi na sukari wakati mmoja. Utaichukia nyumba nzima, nayo itakuchukia.

Makanga na dereva

Mwaka 1953 daktari wa London aitwaye Jeremy Morris alilinganisha watu wawili wanaofanya kazi katika gari moja. Mabasi ya huko yalikuwa ya ghorofa. Dereva aliketi kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia ya mara kukata tiketi. Madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta. Kondakta hakuwa akifanya mazoezi, wala hakununua raba za kukimbilia. Ngazi zilikuwa ndani ya kazi.

Mtazame makanga wa matatu ya Kisauni, anavyoning'inia, anavyoruka, anavyokimbia nyuma ya gari. Simsifu kwa usalama wake, ila moyo wake unafanya kazi. Kisha jitazame wewe, unayechukua bodaboda kutoka mlangoni hadi steji, matatu kutoka steji hadi mjini, kisha lifti. Miaka 25 iliyopita kipande kile cha bodaboda ulikitembea.

Ushauri wa kimataifa ni dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, na tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hata dakika chache chache zinahesabiwa. Robo saa kwenda na robo saa kurudi, siku tano, ndizo hizo 150. Ukishuka kituo kimoja kabla ya chako, umezipata. Wa Likoni ameshapewa mtaji: ule mteremko wa kuingilia feri ni mlima wakati wa kutoka, basi upande kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Wa Changamwe aikatae pikipiki wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda, maana hakuna anayetaka kufika kazini jasho linamtiririka. Jua la saa saba mchana la Mombasa si la kutembelea mwenye presha. Tumia asubuhi au baada ya alasiri. Na kwa akina mama na akina dada wa mitaa ambayo alfajiri si salama, nisikusikie unatembea gizani peke yako kwa sababu daktari aliandika gazetini. Tafuta wenzako wawili baada ya alasiri. Mazungumzo yao yatakutoa nyumbani siku ambayo miguu imekataa.

Mlonge, muguka na duka la dawa

Huniulizwa kuhusu mlonge. Ni mboga njema, kula. Kitunguu saumu vilevile. Lakini usivibadilishe na kidonge. Muguka na miraa nazo hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio, na anayetafuna kila jioni maskani kisha anameza kidonge usiku anavuta kamba pande zote mbili.

Watu wengi huacha dawa kwa sababu zisizohusu usahaulifu hata kidogo. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichokoma. Mgonjwa huacha kimya kimya, kama mzee wetu. Rudi useme, kwa kuwa dawa za presha ni nyingi na nyingine itakufaa. Na usiache ghafla kwa uamuzi wako, maana kuna dawa, kama atenololi, ambazo kuzikata kwa ghafla huutikisa moyo.

Sababu nyingine ni mfuko. Mtu hununua vidonge kumi, vikiisha hungoja mshahara, na siku tano za kungoja hugeuka wiki tatu. Hapa pia weka kigingi. Chagua siku moja ya wiki, Ijumaa au Jumapili, uhesabu vidonge vilivyobaki. Vikiwa saba, hiyo ndiyo siku ya kununua au kwenda kliniki, si siku ya kimoja cha mwisho. Mwambie mwuza dawa au daktari ukweli kuhusu bei, kwani mara nyingi kuna dawa ile ile ya kiwanda kingine kwa pesa kidogo.

Ukisahau kidonge, kimeze pindi ukumbukapo siku hiyo hiyo. Ukikumbuka karibu na wakati wa kile kinachofuata, kiache hicho uendelee na kinachofuata. Usimeze viwili kufidia. Ile kalenda ya bure uliyopewa dukani mwishoni mwa mwaka itundike karibu na dawa na kalamu yake, utie alama kila siku. Mtu hudhani amemeza wakati hakumeza, na mwingine humeza mara mbili kwa kutokuwa na hakika. Alama hutatua ubishi wote, hata ule wa mke na mume.

Anza na kimoja. Kama una presha na bado unakosa dawa, anza na kidonge, uache chumvi na matembezi vikusubiri miezi miwili. Kama hujui presha yako, anza na kupima. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha, kwa hiyo muulize wa mtaa wako. Popote utakapopimwa, keti kwanza dakika tano, mgongo umeegemea na miguu iko chini, kibofu kitupu, mkono sawa na moyo, bila kuzungumza, na usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyotangulia. Aliyepanda mteremko wa feri mbio akapimwa mlangoni hapimwi presha, anapimwa mbio zake. Omba namba zako ziandikwe, uzihifadhi.

Na iwapo leo, kabla hujaanza lolote, utamwona mtu nyumbani mdomo umekwenda upande, au mkono mmoja hauinuki, au maneno hayatoki sawasawa, usimpe kidonge cha jirani, usimkande, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo, na kumbuka dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.